Upepo Kwenye Stelingi

Pampu ya stelingi ilikuwa mpya, bado ina karatasi ya bei ubavuni, na ililia kama ndama aliyetenganishwa na mama yake.

"Zima!" Zornitsa alipiga kelele. "Krasen, zima!"

Injini ikazimika. Uani pakabaki kimya, ikasikika theluji tu inayodondoka kutoka paa la zizi, vipande vipande. Krasen akashuka, amevaa koti lake la kazini alilokuja nalo kutoka Ujerumani, lenye mistari ya kung'aa mgongoni, akasimama karibu na shemeji yake wakawa wanaangalia ndani ya boneti kama watu wanaochungulia kisima.

"Huyu naye analia nini?" Krasen alisema. "Pampu mpya hailii hivi, shem. Pampu mpya inatulia kama bibi harusi."

"Dada yangu hakutulia siku ya harusi."

"Na mpaka leo hajatulia. Ndiyo maana nimekuja peke yangu."

Zornitsa angecheka siku nyingine. Leo alitazama saa. Saa mbili na nusu asubuhi. Baba yake, mzee Stamen, alikuwa na kiti kwenye mashine ya kusafisha damu huko mjini saa saba mchana. Kushuka mlima barabara ikiwa na barafu ni saa moja na nusu, na hiyo ni kama hujakwama nyuma ya lori la magogo. Kwa hiyo saa tano wawe barabarani. Si zaidi.

Kile kiti alikuwa anakikalia Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, mwaka wa tatu sasa. Jumatano hii alikikosa, maana pampu ya zamani ilianza kufa Jumanne. Leo Ijumaa. Akikosa na leo, ni mpaka Jumatatu tena, na daktari alishamwambia Zornitsa kwenye simu bila kuzungukazunguka: "Dada, mzee huyu Jumatatu hafiki."

Alikuwa amepiga simu kila mahali. Gari la wagonjwa la wilaya ni moja, na lilikuwa limempeleka mtu hospitali ya Plovdiv. Mwenye teksi alisema atapanda mlima barabara ikishamwagwa chumvi ya kuyeyusha barafu, labda saa nane, labda. Mwenyekiti wa kijiji ana gari zuri, lakini alikuwa nalo mji mkuu, Sofia, kwa mwanawe. Waliobaki kijijini ni wazee kumi na wanane, wana mbuzi na mafua. Krasen naye alipanda jana kwa lifti, pampu mkononi. Kwa hiyo lilibaki hili gari la Zornitsa la kubebea maziwa, na hii pampu.

"Tuanze mwanzo," Krasen alisema, akajipangusa mikono. "Mafuta yanaweza kuwa siyo."

Wakasoma kifuniko cha kikopo cha mafuta ya stelingi, wakasoma na chupa. Yale yale, mekundu.

"Mkanda unaweza kuwa umelegea."

Akaubonyeza mkanda kwa dole gumba. Ulikuwa umekaza vizuri, unarudi wenyewe. Zornitsa akaubonyeza pia, siyo kwamba hakumwamini, ila mikono yake ilikuwa haiwezi kukaa bure. Halafu akainama kwenye kikopo. Mafuta hayakuwa mekundu tena. Yalikuwa ya waridi, yamejaa povu, kama maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi.

"Upepo," Krasen alisema. "Kuna upepo umeingia ndani. Jana giza lilitukuta, sikuutoa wote. Afadhali! Upepo unatoka, shem. Tunangoja povu litulie, tunanyanyua magurudumu ya mbele, tunazungusha usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, injini ikiwa imezimwa. Mara ishirini. Wewe unaangalia kikopo, mafuta yakishuka unaongeza."

"Na hatuwezi kwenda hivi hivi? Usukani ukiwa mzito?"

"Ungekuwa mzito moja kwa moja, ningekwambia twende, mimi nina mikono. Lakini wenye upepo unalegea, halafu unakaza katikati ya kona. Unaijua mwenyewe."

Aliijua. Jumatano alikuwa amejaribu. Alimpakia baba yake, akamfunga mkanda, wakafika kona ya kwanza juu ya bwawa. Usukani ulikuwa mwepesi kama wa kuchezea watoto, halafu ghafla ukagoma, kama mtu ameushika kutoka chini. Pua ya gari ilienda yenyewe kwenye kingo, na ng'ambo ya kingo hapakuwa na kitu ila maji meusi huko chini. Alisimamisha gari, tairi moja iko kwenye majani makavu ya ukingoni. Baba yake alisema tu, "Turudi, Zori," kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Tangu hapo kila alipofumba macho alikuwa anaiona ile tairi.

Povu lilitulia baada ya nusu saa. Wakapiga jeki. Krasen akaingia ndani, akafunga mlango kwa sababu upepo wa kaskazini ulikuwa unakata masikio, na dirisha lenyewe lilikuwa limeganda halishuki. Akaanza kuzungusha. Kushoto, kulia. Mapovu yakawa yanapanda ndani ya kikopo na kupasuka, na kila yakipasuka mafuta yanashuka kidogo. Zornitsa alimimina. Yakashuka. Akamimina. Chupa ikaisha, mafuta yakashuka tena mpaka tundu la chini la kikopo likaonekana. Akageuka kuchukua chupa ya pili iliyokuwa kwenye ndoo.

Krasen alikuwa anamtazama kupitia kioo cha mlango. Alishika ufunguo, akanyanyua nyusi: niwashe?

Zornitsa akainua kidevu juu, akakishusha. Kichwa chote kilisema, kama kichwa chochote cha pale kijijini kingesema: hapana, usithubutu.

Krasen akawasha.

Pampu ikanyonya kikopo kikavu, ikatoa ukelele uliowarusha kuku mpaka juu ya kuni. Zornitsa akapiga boneti kwa ngumi. Mpaka Krasen anazima, kikopo kilikuwa povu tupu, limefurika linatiririka kwenye betri.

"Una wazimu?" Zornitsa alifungua mlango. "Nimekwambia hapana!"

"Umekubali!"

"Nimekataa! Hivi!" Akainua kidevu tena.

Krasen alimtazama, halafu akajipiga paji la uso. "Mama yangu. Kule kwa Wajerumani hiyo ni ndiyo."

"Hapa ni kwa Wajerumani?"

"Miaka kumi na tano, shem. Kule kazini mtu akiniuliza jambo nikitikisa kichwa kando kwa kando kukubali kama sisi, wanadhani nimekataa. Mara moja nilinyimwa likizo hivyo hivyo. Nikakifundisha kichwa upya. Sasa nikirudi huku kinachanganyikiwa."

"Basi kiache nyumbani kwako hicho kichwa. Kuanzia sasa ni kwa mdomo tu. Umenisikia? Kwa mdomo."

"Nimesikia," akasema, na akatikisa kichwa kando kwa kando, halafu akakizuia kwa mikono miwili.

Povu jipya likataka nusu saa nyingine. Saa nne kasoro. Zornitsa hakuweza kusimama mahali pamoja. Alizunguka gari, akarudi, akaangalia kikopo, akazunguka tena. Akamwambia Krasen aende ndani akamtazame mzee, amuulize kama anapumua kwa shida. Yeye mwenyewe aliogopa kwenda. Usiku wa kuamkia leo alikuwa amemsikia baba yake akikohoa, akikaa kitako, akikohoa. Aliogopa kwamba akimwona sasa, hataweza kurudi kwenye gari.

Krasen akarudi na kipande cha jibini mdomoni. "Hana neno. Nimemuuliza, mzee, pumzi inakusumbua? Amesema hapana. Anataka viazi tu, eti mbona jikoni kunanukia viazi."

"Viazi hapewi, figo zake hazivichuji, vitamsimamisha moyo."

"Nimemwambia."

Wakarudia kazi. Safari hii Krasen aliacha mlango wazi, masikio yakawa mekundu kama pilipili, wakawa wanaongea. "Mwaga!" "Nimemwaga!" "Kulia mwisho!" "Nusu!" "Subiri!" "Haya!" Mara ishirini, mara thelathini. Mapovu yakaisha kabisa. Mafuta yakatulia mekundu, safi, kwenye mstari. Zornitsa akavuta pumzi ya kwanza nzima tangu asubuhi.

"Washa."

Pampu ikanguruma kidogo, ikanyamaza. Wakatazamana. Krasen akaanza kutabasamu. Halafu ikaja, kutoka mbali, nyembamba, ikapanda: ule ule mlio wa ndama. Na kwenye kikopo, mbele ya macho ya Zornitsa, uwekundu ukaanza kufifia kuwa waridi.

Krasen alizima, akakaa na mikono juu ya usukani. Utani ulikuwa umemwisha usoni. "Basi pampu yenyewe ni mbovu," alisema. "Wameniuzia mbovu. Na haivuji popote, nimeangalia, kukavu kila mahali. Kama inaingiza upepo ingevuja. Shem, mimi sijui tena."

Saa nne na nusu. Zornitsa akachukua kitambaa, akaanza kupangusa betri. Halafu neno moja likamrudia, akageuka polepole.

"Baba alisema hapana?"

"Nini?"

"Ulipomuuliza pumzi. Alisema, au alitikisa?"

Krasen akafungua mdomo. Akafikiria. "Alitikisa," alisema. "Hivi." Na akatikisa kichwa kando kwa kando.

Zornitsa alikuwa ameshakimbia.

Mzee Stamen alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti, mabega yakipanda na kushuka kama mtu aliyepandisha gunia mlimani. Midomo ilikuwa na rangi ya zambarau mbivu. Miguu ilikuwa imefura, soksi zimechora mfereji kwenye nyama. Kulala hakuweza tena. Akilala maji yanampanda kifuani.

"Nimemwambia huyo mkwe," alisema, pumzi moja kwa kila maneno matatu. "Inanisumbua. Akanijibu, 'Vizuri sana, mzee.' Akaenda kula jibini."

"Baba, tunaondoka sasa hivi."

"Gari limepona?"

"Linapona."

"Zori." Alimshika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi. "Usiniwahishe kwenye bwawa."

Alitoka nje, na hakulia, kwa sababu kulia kungechukua muda. Krasen alikuwa mlangoni, uso umempauka, anaanza kuomba radhi, shem, naapa, sikujua. Hakumsikiliza. Alisema, "Washa."

"Lakini..."

"Washa, acha ingurume."

Alisimama mbele ya boneti akafumba macho. Ndama akalia. Na Zornitsa, ambaye kila asubuhi na kila jioni kwa miaka kumi na nane alikuwa anakamua ng'ombe kumi na mmoja kwa mashine, safari hii hakuusikia ule mlio kwa masikio ya mtu mwenye gari bovu. Aliusikia kwa masikio ya kazi. Mashine ya kukamua inanyonya. Kikombe kisipokaa sawasawa kwenye chuchu, au mpira ukilegea mahali, mashine inaanza kulia, na maziwa yanakuja na povu. Na hakuna tone linalodondoka. Hata tone. Kwa sababu mpira unaonyonya hautoi kitu nje. Unavuta ndani.

"Krasen!" alipiga kelele. "Mpira gani unapeleka mafuta kwenye pampu? Siyo wa kutoka. Wa kuingia!"

"Huo mnene, wa nyuma! Lakini ni mkavu!"

"Utalowaje nje wakati unavuta ndani?"

Alikimbia zizini, akarudi na kopo la mafuta mazito ya kupaka chuchu za ng'ombe, akachota kwa vidole viwili, akaingiza mkono ndani ya injini inayozunguka.

"Vidole!" Krasen alitoka garini. "Zornitsa, mkanda! Utakatwa vidole!"

Mkanda ulikuwa unapita kwa upana wa kiganja kutoka kwenye kifundo cha mkono wake, unavuma. Aliusikia upepo wake kwenye ngozi. Alipapasa nyuma ya pampu mpaka akakuta pale mpira mnene unapoingia, akabandika yale mafuta kuzunguka kiungo, kwa ndani asikoona, akayabonyeza kwa kidole.

Mlio ukashuka. Kama mtu aliyewekewa mkono mdomoni. Ukashuka, ukanong'ona, ukaisha.

Alishikilia hapo mpaka akahesabu kumi, akauondoa mkono taratibu. Baada ya muda mfupi mafuta yakanyonywa, na ndama akarudi.

"Klipu gani ya kubana mpira umeweka hapo?"

Krasen akainama kutazama. "Ile ile ya zamani. Ya springi. Ilionekana nzima."

"Hiyo imechoka. Haibani."

"Nyingine sina. Duka lenye klipu liko huko huko mjini."

Zornitsa alishaanza kurudi zizini. Mashine ya kukamua ilikuwa inaning'inia ukutani, safi, ameiosha alfajiri. Mpira wake mkubwa ulikuwa umefungwa kwa klipu ya chuma cha pua, ya kukaza kwa bisibisi, nzito, ya zamani, ya enzi za ushirika. Akaifungua. Mkono ulikuwa unateleza kwa yale mafuta, bisibisi ikaruka mara mbili, mara ya tatu ikakaa.

"Na ng'ombe jioni?" Krasen aliuliza alipoiona.

"Una mikono, si umesema?"

"Kumi na mmoja?"

"Anza na mweupe, ana subira."

Klipu iliingia kama imezaliwa pale. Krasen aliikaza, akaikaza tena. Wakamimina mafuta ya mwisho yaliyobaki. Kushoto mwisho, kulia mwisho, mara ishirini, Krasen akihesabu kwa sauti na Zornitsa akimjibu kwa sauti, na kila hesabu ilikuwa dakika inayoondoka. Washa. Kimya. Wakangoja. Kimya bado. Akageuza usukani mpaka mwisho, akaurudisha kabla haujaguna. Mafuta yalibaki mekundu.

Saa sita kasoro dakika ishirini, Krasen alimbeba baba mkwe wake mgongoni mpaka garini, na mzee akiwa juu ya mgongo ule wenye mistari ya kung'aa alisema, "Huyu punda wa Kijerumani siyo mbaya, ila kichwa." Krasen akamkalisha kitini taratibu. Alimfunga mkanda, akamfunika blanketi, akarudi nyuma, akabaki na ng'ombe.

Zornitsa akapiga simu hospitali kabla ya kuondoa gari. Muuguzi akasema kiti kina mtu anayefuata, amefika tangu asubuhi, na daktari ametoa amri. Saa saba na nusu. Ikipita hapo anapewa mwingine.

Aliendesha na redio imezimwa, na feni imezimwa, ili asikie. Kila mlio ulikuwa ule mlio. Tairi kwenye barafu: ule. Upepo kwenye kioo: ule. Baba yake akivuta pumzi: huo ulikuwa mbaya kuliko yote, kwa sababu ulikuwa na kamasi ndani yake, na ulikuwa unachelewa. Kuna mara ulichelewa mpaka akageuka kumtazama.

"Tazama barabara," mzee alisema bila kufumbua macho.

Kona ya bwawa ikaja. Alipunguza mwendo mpaka wa mtu anayetembea. Nyuma yake lori la magogo lilipiga honi, likapiga tena, dereva akatoa mkono nje. Zornitsa alishika usukani, akaugeuza, akingojea ugome. Ukageuka. Ukaendelea kugeuka, laini, mpaka mwisho wa kona, na yeye bado alikuwa ameubana kama anayevuta kamba, hivi kwamba akaupitiliza kidogo na ilibidi aurudishe. Zilibaki kona arobaini. Hakuna hata moja aliyoiamini.

Waliingia uwanja wa hospitali saa saba na dakika thelathini na saba.

Alikuta mlango wa chumba cha mashine umefungwa. Akaupiga kwa kiganja. Muuguzi mnene, jina lake Bozhana, akafungua, akaangalia saa ukutani, akaangalia midomo ya mzee, akaacha kuangalia saa.

"Kwenye mizani," alisema.

Mzee akasimamishwa kwenye mizani, Zornitsa upande mmoja, Bozhana upande wa pili.

"Kilo saba zaidi! Mzee Stamen, umekunywa bwawa zima?"

"Nimelipita tu," mzee alisema. "Polepole."

Kiti kilikuwa wazi. Kando yake alikaa mama mmoja wa makamo mwenye kitambaa cha bluu kichwani, mkono wa blauzi umeshakunjwa, tayari. Bozhana akamwambia jambo kwa sauti ndogo. Yule mama alimtazama mzee Stamen, akamtazama Zornitsa mwenye mafuta ya ng'ombe mpaka kwenye viwiko, akashusha mkono wa blauzi yake taratibu, akafunga na kifungo.

"Nimekingoja hiki kiti tangu asubuhi," alisema. "Kungoja saa nne zaidi siyo kitu. Aingie."

Mama yule alisogea kwenye benchi, akapiga nafasi kando yake kwa kiganja, kama anavyoitwa mtoto. Zornitsa akakaa. Wakatazama wote wawili sindano ikiingia, damu ikianza kwenda kwenye mpira, nyeusi, kisha mabega ya mzee, ambayo bado yalikuwa yanapanda na kushuka, yanapanda na kushuka. Saa nzima ikapita. Mahali fulani katikati ya saa ya pili, mabega yakapanda, yakashuka, na yakakaa chini. Mzee alikuwa amelala, kichwa kimeegemea nyuma, kama ambavyo hakuweza kulala tangu Jumanne.

"Sasa nawe pumua, binti," mama mwenye kitambaa cha bluu alisema.